Mawazo ya Mzee Yakitangatanga, Sala Yake Inahesabika?



Pengine umeshaona jambo hili kwenye jumuiya. Bibi anaongoza rozari, pikipiki inapita nje, mtoto analia, na akimaliza tendo la tatu anatangaza tena lile lile la tatu. Kuna anayeguna, kuna anayecheka chini chini. Baadaye unasikia, "Huyu apumzishwe tu." Nyuma ya maneno hayo kuna swali zito: je, sala ya mtu ambaye mawazo yake hayatulii ina thamani ndogo kuliko ya mwenye akili makini?

Kwanza tuelewe kinachotokea. Akili ina kama meza ndogo ya kazi. Ukitajiwa namba ya simu ukaishika kichwani mpaka uiandike, umetumia meza hiyo. Uzee huipunguzia nafasi, lakini si hilo tu. Mwaka 1988 wanasaikolojia Lynn Hasher na Rose Zacks walieleza kwamba shida iko pia mlangoni: mzee hushindwa kuyazuia yasiyohusika yasipande mezani. Mwaka 2005 Adam Gazzaley na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso na za mandhari, wakiwaambia washike aina moja na kuipuuza nyingine. Kwa ujumla wazee walizingatia walichoambiwa kama vijana tu. Kilichowashinda ni kupuuza.

Yaani bibi yule anaweza kuwa ndani ya sala sawa na wewe. Ila pikipiki nayo imeingia yote.

Sasa tutofautishe mambo mawili: kushindwa na kutotaka. Mt. Thomas wa Akwino alilijadili swali hili katika Summa Theologiae. Kwake, nia ambayo mtu anaanza nayo ndiyo inayoipa sala stahili, na pia nguvu ya kuomba. Mawazo yakitoroka bila mtu kutaka, hayo hayapotei. Mwenye kosa ni anayeyaachia kwa makusudi.

Basi umakini hauna maana? Una maana. Thomas anasema lipo tunda la tatu, yaani roho kuburudishwa na sala yenyewe, na hilo haliji bila umakini. Kwa hiyo mzee huyu hapungukiwi mbele za Mungu. Anachokosa ni faraja. Na faraja hiyo sisi tunaweza kumrudishia.

Zima redio kabla ya sala. Keti karibu naye, umnong'oneze tendo linalofuata bila kumwaibisha. Akisimulia, asikilizwe na mmoja mmoja, si watu watatu kwa mpigo. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza kumvumilia mzazi hata akili zake zinapopungua, wala tusimdharau kwa sababu sisi bado tuna nguvu.

Halafu tujiangalie na sisi. Meza yetu bado ni pana na mlango wetu bado unafungika, lakini tunaingia kwenye Misa na simu inayotetemeka mfukoni, tena tunaichungulia. Kati ya mzee aliyevamiwa na kijana aliyekaribisha, nani hasa hakusali?

Tafakari ya wiki hii: nyumbani kwenu ni mzee gani anahitaji utulivu wako ili asali vizuri?

Bikira Maria, utuombee.