Msamaha Usiwe Mtego wa Ushahidi

Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alimsamehe mtu ambaye hakuwa ameshtakiwa, hakuwa ameomba kusamehewa, na alipoletewa hati alikataa kuipokea. George Burdick alikuwa mhariri katika gazeti la New York Tribune, lililochapisha habari za udanganyifu wa ushuru wa forodha. Alipoitwa mbele ya jopo la raia wanaopima kama kuna kesi ya kujibu, akaulizwa habari zile zilitoka kwa nani, alinyamaza kwa kutegemea Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayomkinga mtu asilazimishwe kuwa shahidi dhidi ya nafsi yake. Serikali ikapata hila: ikiwa kinachomfunga mdomo ni hofu ya mashtaka, rais na aiondoe hofu hiyo, Burdick abaki hana udhuru. Burdick alipozidi kukataa, alitozwa faini ya dola 500 na kuamriwa awekwe kizuizini mpaka atakapojibu. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ilimwachilia, ikisema kwamba msamaha haufanyi kazi mpaka upokewe, na kwamba unabeba tuhuma ya hatia ambayo mtu ana haki ya kuikwepa.

Nyuma ya kesi hiyo limo swali la kale kuliko katiba yoyote: rehema inayotolewa ili mpokeaji abanwe, bado ni rehema? Nadhani sivyo. Anayesamehe huachilia dai lake. Anayesamehe apate kuhoji amelibadilisha dai tu. Tena hofu ya jela si sababu pekee ya mtu kunyamaza. Katika kesi ya Brown na Walker ya mwaka 1896, majaji watano dhidi ya wanne waliona kwamba kinga ya kutoshtakiwa yatosha kumlazimu shahidi aseme. Jaji Stephen Field, miongoni mwa wachache, alishikilia kwamba haki hiyo humlinda mtu na fedheha pia. Wazo hilo si geni kwa Waislamu. Maiz bin Malik alipomwendea Mtume kwa hiari yake na kukiri zinaa, Mtume aligeuza uso wake kumwepuka mara kadhaa, kisha akauliza kama mtu yule ana akili timamu. Ikiwa hata ungamo la hiari halikupokelewa kwa pupa, serikali inapata wapi uhalali wa kulitafuta kwa mlango wa huruma?

Mtu atajibu kwamba zinaa ile ilihusu haki ya Mungu, ambayo Mwenyewe ni mwepesi wa kusamehe, ilhali wizi wa ushuru unagusa haki za waja, na umma haupaswi kunyimwa ukweli kwa sababu shahidi mmoja anaona haya. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana sheria za kinga zipo. Kinga hutungwa na bunge na humpa shahidi ulinzi bila kumwita mkosaji. Serikali inayataka maneno yake na inasema wazi kwamba inayataka. Hati ya msamaha hutegemea utashi wa mtu mmoja, na humchafua jina anayeandikiwa kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha. Pingamizi jingine latokana na kesi ya Perovich ya mwaka 1927, ambapo Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba rais akipunguza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, kinachoangaliwa ni manufaa ya umma, wala ridhaa ya mfungwa haihitajiki. Nakubali: dola inayorudisha mkono wake nyuma haihitaji ruhusa ya aliyekuwa apigwe. Lakini kwa Burdick mkono mmoja ulirudi nyuma ili mwingine umfungue kinywa, na hapo ridhaa yake ilikuwa ya lazima.

Ninapoachana na mahakama ya kesi ya Burdick ni pale iliposema kwamba kuupokea msamaha ni kukiri kosa. Rais Gerald Ford, aliyemsamehe mtangulizi wake Richard Nixon tarehe 8 Septemba 1974, alijifariji kwa maneno hayo, hata akawa anatembea na kipande cha hukumu ndani ya pochi. Nixon aliupokea msamaha huku akikiri kukosea namna alivyoishughulikia kashfa ya Watergate, bila kukiri jinai yoyote. Na mfungwa aliyehukumiwa kwa kuonewa, akiipokea hati ili arudi kwa wanawe, amekiri nini? Kanuni hiyo ikishikwa, asiye na hatia atatakiwa kuchagua kati ya uhuru na jina lake, na rehema itakuwa imefanya kazi ileile ambayo haki ya kunyamaza iliwekwa kuizuia. Aliyepokea msamaha kwa hiari anaweza kuitwa kutoa ushahidi kama shahidi mwingine yeyote, kwa kuwa hatari imemwondokea. Ila kupokea kwake kusihesabiwe kuwa ungamo, na asiyetaka kupokea asisukumwe. Serikali inayohitaji ushahidi ina sheria ya kuutafutia, na gharama yake huonekana na wote. Rais anayetaka kusamehe na asamehe, kisha asidai chochote.