Je, Wimbo wa Kumsifu Mungu Una Mwenyewe?



Liko swali linalosemwa katika sharika zetu kwa sauti ya chini, nasi leo twalileta mezani. Mwalimu wa kwaya hukesha akitunga maneno na kuyapanga katika sauti nne. Wimbo ukipendeza, kwaya ya usharika mwingine huunakili, huurekodi na kuuza, pasipo kumwuliza mtungaji wala kulitaja jina lake. Akinung'unika, huambiwa ya kuwa huu ni wimbo wa Mungu. Je, yeye ataka kuifanyia biashara Injili? Naye hunyamaza kwa haya. Basi twauliza: aliyekosa ni nani, yeye anayenung'unika, au sisi tunaomnyamazisha? Twasema "sisi" kwa makusudi, maana ni wachache miongoni mwetu wasiopata kunakili kazi za wenzao bila ruhusa.

Neno la wanaoitetea desturi hii si la kudharauliwa. Wasema kipawa hutoka kwa Mungu, na Bwana aliwaagiza wanafunzi wake watoe bure walichopokea bure. Ni kweli. Lakini tuangalie agizo hilo aliambiwa nani. Aliambiwa mwenye kutoa, si mwenye kuchukua. Aliyepewa kipawa ana wajibu wa kutoa. Jirani yake hakukabidhiwa ufunguo wa ghala. Zawadi huwa zawadi kwa kuwa imetoka katika mkono wa mwenyewe kwa hiari. Ikichukuliwa kabla hajaitoa, jina lake ni jingine, na amri ya saba yalijua.

Baba yetu katika imani, Martin Luther, alilijua jambo hili kwa kuumia. Yeye hakuomba malipo kwa vitabu vyake. Hata hivyo mwaka 1524, katika sehemu ya Agano la Kale aliyoifasiri, alitia alama mbili, mwana-kondoo mwenye bendera na ua la waridi lenye msalaba, ili wasomaji wajue ya kuwa kitabu kile kimepita mikononi mwake. Mwaka 1525 karatasi za mahubiri yake ziliibwa katika nyumba ya kupigia chapa huko Wittenberg, zikachapwa Nürnberg kabla kazi yake mwenyewe haijamalizika. Aliwaandikia wakuu wa mji ule kuwalalamikia. Hakulilia mfuko wake. Alisikitika kwa kuwa wapiga chapa wake walipata hasara, na maneno yake yalichapwa kwa haraka yakaharibika, hata hakuvitambua vitabu vyake mwenyewe. Tazama basi: mtu aweza kutoa kazi yake bure, na bado akadhulumiwa.

Siku zile hapakuwa na sheria ya kumlinda mtungaji, ila ruhusa tu ambayo watawala waliwapa wapiga chapa. Sheria iliyomkumbuka mtungaji mwenyewe ilianza kutumika Uingereza mwaka 1710. Kisha mwaka 1886 mataifa kadhaa yalifanya mapatano katika mji wa Bern, Uswisi, ili kazi ya mtungaji wa nchi moja iheshimiwe na katika nchi nyingine. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya ya mwaka 2001.

Mambo makuu ya sheria hizi yafaa kujulikana na kila mtungaji. Kwanza, haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, mara iandikwapo au irekodiwapo. Kuiandikisha serikalini kwafaa kwa ushahidi, lakini siko kunakomfanya mtu awe mwenyewe. Pili, sheria hailindi wazo, bali hulinda namna wazo lilivyovikwa maneno au sauti. Habari ya mwana mpotevu ni ya watu wote, na kila mtu aweza kuitungia wimbo. Lakini wimbo ulioutunga wewe ni wako. Tatu, ni mtungaji atoaye ruhusa ya kunakili kazi yake, kuiuza, kuifasiri na kuitangaza. Tena ana haki jina lake litajwe, na kazi yake isipotoshwe hata kumvunjia heshima. Nne, haki hii ina mwisho. Chini ya mapatano ya Bern, kwa kawaida hudumu maisha yote ya mtungaji, na miaka isiyopungua 50 baada ya kufa kwake. Kisha kazi huwa ya watu wote. Nyimbo za Luther, aliyefariki mwaka 1546, hazina mwenyewe leo. Lakini aliyezifasiri hivi karibuni ana haki katika tafsiri yake.

Tena mtungaji asitie sahihi asichokielewa. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo wake "Mbube" huko Johannesburg mwaka 1939. Alipata shilingi 10 kwa wimbo ule. Sauti yake ikavuka bahari, ikaimbwa Marekani kwa maneno mengine, ikawatajirisha wageni. Yeye akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walikwenda mahakamani mwaka 2004, wakafikia mapatano mwaka 2006. Haki ilikuja, lakini baba hakuiona.

Twarudi kwenye swali letu. Mfalme Daudi alipotaka kumjengea Bwana madhabahu katika kiwanja cha Arauna, mwenye kiwanja alikuwa tayari kumpa vyote bure, mahali na ng'ombe pia. Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Kama mfalme hakukubali kutoa sadaka kwa mali ya mwingine, hata alipopewa, sisi tutaitoaje kwa mali tuliyoichukua bila kuuliza?

Sifa ni za Mungu peke yake, wala hakuna amwuzaye. Lakini usiku ule wa kukesha ulikuwa wa ndugu yetu. Basi kabla ya kunakili, tumwulize. Tukiimba, tulitaje jina lake. Tukiuza, tupatane naye kwa maandishi. Naye mtungaji akumbuke alikotoa kipawa chake, asiwafungie maskini mlango. Na kama yuko mwalimu tuliyemnyamazisha, twende kwake juma hili, kabla hatujasimama tena kuimba wimbo wake.

Amani ya Bwana iwe nanyi.