UNAJUA, HALAFU UNANYAMAZA?

Kijana mpendwa unayesoma karatasi hii,

Labda umeipokea pale Buguruni Sheli ukisubiri gari. Labda umepewa sokoni ukaikunja mfukoni. Usiitupe! Nina swali moja tu kwako: leo umeongea maneno mangapi?

Umekaa kijiweni tangu asubuhi. Mmebishana Simba na Yanga mpaka mate yamekauka. Mmemsema fulani, mmemsema na mke wa fulani. Je, katika maneno yote hayo, kuna hata neno moja ambalo mwenzako ameondoka nalo likamfaa nyumbani kwake?

NILIJUA, NIKANYAMAZA

Sikuandikii kama mtakatifu. Mwaka 2015, mwezi wa 8, kipindupindu kililipuka hapa Dar es Salaam, baadaye kikaenea mikoa mingi. Wakati ule nilikuwa nabeba mizigo Kariakoo, nimepanga chumba hapa Buguruni. Sikuwa nimeokoka.

Usiku mmoja mtoto wa jirani yangu, mlango kwa mlango, akaanza kuharisha. Namsikia mama yake analia. Na mimi nilijua cha kufanya! Muuguzi alishanifundisha: kama pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo huku mnamkimbiza hospitali.

Nilijua yote hayo. Lakini mimi na baba yake tulikuwa tumegombana kwa sababu ya hela ya LUKU. Nikavuta shuka. Nikasema moyoni, watajua wenyewe.

Aliyeamka ni mama muuza vitumbua wa chumba cha uani, asiyejua hata kusoma. Alilijua neno lile kwa kuambiwa, na yeye akalitoa. Akachemsha maji, akakoroga, akawaambia wasisubiri kukuche. Mtoto alipona. Lakini hakupona kwa mdomo wangu! Mpaka leo nikikutana naye, naona aibu.

Nilipookoka, nilidhani nitalia kwa ajili ya matusi yangu. Kumbe nililia kwa ajili ya usiku ule nilionyamaza. Dhambi ya mdomo si kutukana tu, ndugu yangu.

WAKOMA WANNE

Soma Biblia, 2 Wafalme sura ya 7. Mji wa Samaria umezingirwa na adui, ndani watu wanakufa njaa. Nje ya lango wamekaa wakoma wanne. Hawana cheo, hawana heshima, mji umewatenga. Wakasema, tukikaa hapa tutakufa, twendeni kambini kwa adui. Kufika, kambi tupu! Adui amekimbia, ameacha chakula chote. Wakala, wakanywa, wakaanza kuficha mali.

Hapo dhamiri ikawachoma. Wakaambiana kwamba wanalofanya si jema, kushiba na kunyamaza wakati mji mzima una njaa. Wakarudi usiku uleule wakawaambia mabawabu wa lango. Mji ukala.

Ona, waliwaambia watu waliowatenga! Mimi nilishindwa kumwambia jirani niliyegombana naye kwa hela ya umeme.

Usiseme, mimi nani anisikilize, sina shule, sina kazi. Wakoma walikuwa nani?

ULIZA WAZEE

Mwaka 1973 ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 wa nchi hii walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, halafu wakaongea wao kwa wao: Maji yetu je? Choo chetu je? Mbu hawa je? Wakitoka hapo wanashika jembe, wanachimba vyoo. Redio ilileta neno, lakini mazungumzo ya majirani ndiyo yaliyolipa miguu.

LAKINI PIMA KWANZA

Si kila linalopita mdomoni linafaa. Unakumbuka DECI? Watu walialikana kwa mdomo: njoo upande mbegu, utavuna mara dufu! Na sisi tuliookoka tusijifiche, maana hata wachungaji walikuwa mbele. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na watu wengi wakabaki wanalilia hela zao. Wengi waliowaalika wenzao hawakuwa waongo. Walisema kabla ya kupima.

Basi jiulize: Hili ni kweli, au nimelisikia tu? Litamfaa yeye, au litanifaidi mimi? Ni siri ya mtu? Kama ni siri, liache.

Na ukilisema, lisema kwa adabu. Usimwaibishe mtu mbele za watu, mvute pembeni. Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo: "Shikamoo mzee, kuna jambo nimejifunza, naomba nikwambie." Nani atakukatalia?

LEO, SI KESHO

Unajua fundi gereji anayetafuta kijana wa kujifunza kazi? Mwambie yule anayeshinda njaa maskani. Unajua binti anayedanganywa na kazi ya mbali isiyokuwepo? Mwonye leo, kesho atakuwa ameshapanda basi. Unajua dawa ya kikohozi kisichokoma ni kwenda kupima kifua kikuu, na kwamba kinatibika? Mbona rafiki yako anakohoa mwezi mzima, na wewe unamsimulia mpira?

Mimi nami nilikuwa na njaa ya moyo, nikaikuta kambi ya Yesu imejaa chakula. Ndiyo maana nimesimama juani kukupa karatasi hii. Nikinyamaza tena, nitakuwa nimevuta shuka mara ya pili.

Kama unataka, sema nami hapo ulipo:

"Mungu, nisamehe maneno yangu mabaya, na mema niliyoyaficha. Yesu, ingia moyoni mwangu, ushike na ulimi wangu. Nionyeshe leo mtu mmoja wa kumwambia. Amina."

Sasa inuka. Unamjua mtu huyo. Nenda!