Je, Huruma Iwe na Sharti?

Mwaka 1983, katika mji wa Guaratinguetá nchini Brazili, kijana mmoja wa parokia, Nelson Giovanelli, alianza kuwaendea vijana waliotumia madawa ya kulevya katika pembe ya njia karibu na kwake, akafanya urafiki nao. Mmoja wao akamwomba amsaidie kuacha. Paroko wake, Padre Hans Stapel, Mfransisko mzaliwa wa Ujerumani, akamwunga mkono. Ndipo ikazaliwa kazi iitwayo Fazenda da Esperança, yaani Shamba la Tumaini. Leo mashamba hayo yamo katika nchi nyingi, hata Msumbiji. Hayati Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alilizuru lile la Guaratinguetá mwezi Mei 2007, akawaonya wauzaji wa madawa kwamba Mungu atawadai hesabu.

Wengi husifu kukua kwa kazi hiyo. Sisi twataka kuuliza jambo ambalo sifa hulificha. Aingiaye shambani hukubali kukaa mwaka mzima, kufanya kazi kwa mikono yake, na kuishi na wenziwe katika sala na Injili. Je, yule asiyekubali? Yule alalaye barazani, aliyeahidi jana na leo amelewa tena, hastahili kitanda?

Wako wasemao kwamba sharti ni ukatili, kwani Msamaria hakumwekea majeruhi sharti lolote. Ni kweli. Wengine husema kumlisha na kumlaza mlevi bila sharti ni kumnunulia chupa. Nalo lina ukweli. Wake za walevi walilijua kabla ya wataalamu. Twaona kosa ni kudhani kwamba mlango mmoja watosha kwa yote mawili. Mkate na malazi ya usiku ni deni letu kwa mtu kwa kuwa ni mtu. Mathayo 25 haidai cheti cha tabia njema. Walakini kupona hakufanywi na mtu kwa niaba ya mwenziwe. Hapo sharti si bei ya huruma, bali ni heshima: lamwambia mgonjwa kwamba aweza.

Tena wapo baina yetu wanaodharau dawa, ati sala yatosha. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili huwapa methadoni watumiaji wa heroini, nao hupata nafuu ya kutohangaika kutwa wakitafuta unga. Mkristu aitaye hiyo imani haba, na atuambie kwanza afanyaje apatwapo na malaria.

Kumbi nyingi za parokia hufungwa kwa kufuli usiku, na mlinzi huamriwa kuwafukuza walalao nje. Twazijua sababu: wizi, uchafu, ugomvi, watoto wa katekesimu wajao asubuhi. Si sababu za uongo, na atakayefungua atapata hasara. Basi halmashauri za parokia zikutanapo kupanga matumizi ya mwaka, twapenda kusikia ni ngapi zimeandika humo fedha za mikeka, sabuni, na mlinzi wa pili.