Je, Tulime Shamba la Aliyetengwa?



Imenifikia barua kutoka Choma, katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Mwandishi wake ni kijana aliyeingia katika Jumuiya yetu si zamani sana, naye ni mwanachama wa chama cha vijana wa kijiji chake. Chama hicho si cha dini moja. Ndani yake wamo Waislamu wa madhehebu mbalimbali, wamo Wakristo, na wamo washikao mila za wazee wao. Hufyeka njia, husafisha kisima, hubeba wagonjwa mpaka zahanati, huchimba makaburi, na mvua zinapoanza huwalimia kwa zamu watu walioshikwa na maradhi. Katika kanuni zao wameandika ya kwamba shabaha ya chama ni amani ya kijiji.

Sasa limewafika jambo. Mtu mmoja wa hapo alishukiwa kuiba ng'ombe. Hakuna mahakama iliyomhukumu, walakini kijiji kimekwisha kuitenga nyumba yake: haisalimiwi, haipewi moto, wala wake za watu hawateki maji pamoja na mkewe. Mume ameondoka na hajulikani aliko. Mke amebaki na watoto wanne, kisha akaugua wakati huu huu wa kulima, na majani yamekwisha kulifunika shamba la mtama. Kijana wetu alishauri kwamba zamu ifuatayo waende huko. Chama kikagawanyika. Waliokataa walisema kwamba kumlimia mwizi ni kumtia nguvu mwizi, na ya kuwa wao nao watatengwa. Basi ananiuliza: Sheikh wangu, mleta amani ni yupi, yule anayelilima shamba hili, au yule anyamazaye ili chama kisivunjike?

Nakiri kwamba nimesikia hotuba nyingi juu ya amani, na mimi mwenyewe nimetoa kadhaa, ambazo hazikulifikia swali hili hata kwa mbali. Ni rahisi kusema kwamba vijana wakishirikiana katika kazi njema, mapatano yatapatikana. Kwa hakika hupatikana, lakini baina ya nani na nani?

Hapana budi kwanza kuwatendea haki waliokataa. Wao si watu wabaya. Yeyote aijuaye nchi ile, kuanzia Igunga na Nzega hata Kahama na Shinyanga, anajua ng'ombe ni nini kwa Msukuma na kwa Mnyamwezi. Ng'ombe ni mahari ya mtoto, ni karo ya shule, ni chakula cha mwaka wa ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi wa bunduki ulipozidi baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, wanakijiji wa nchi hiyo waliungana wakajilinda wenyewe kwa pinde na mishale. Hao ndio Sungusungu. Katika sehemu nyingine waliitwa Wasalama, yaani watu wa salama. Wizi ulipungua sana. Serikali iliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likapitisha sheria iliyowapa nafasi katika ulinzi wa nchi. Watu walilala usingizi, na hilo si jambo dogo.

Lakini wazee waliokuwapo wanajua pia upande wa pili. Walikuwapo walioshukiwa tu, wakapigwa ili wakiri. Walikuwapo wanawake wazee walioambiwa kuwa ni wachawi, na wekundu wa macho yao, uliotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi, ukahesabiwa kuwa ni ushahidi. Na silaha iliyoogopwa kupita mshale ilikuwa ndiyo hiyo ya kutengwa. Basi chama kilichoitwa cha salama kiliweza kuleta salama ya kweli kwa wengi, na papo hapo kikawa hofu kwa yule aliyesimama peke yake. Nasema hivi si kuwalaumu watu wa kijiji. Nasema kwa sababu kila chama, hata kiwe cha kufagia zahanati, kinakabiliwa na hatari ile ile.

Katika historia ya Makka twasoma habari za mapatano mawili, na ningependa kijana wa Choma ayatazame kwa pamoja.

La kwanza lilifanywa kabla ya Utume. Mfanyabiashara mmoja wa kabila la Zubaid kutoka Yemen aliuza bidhaa zake kwa Al-As bin Wail, mkubwa wa Makka, naye akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo katika mji, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumtetea. Akapanda mlima wa Abu Qubais akapaza sauti yake mbele ya watu waliokuwa kwenye Al-Kaaba. Ndipo baadhi ya watu wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwamba watasimama pamoja na kila aliyedhulumiwa katika Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Mapatano hayo huitwa Hilful Fudhul. Bwana wetu Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa miongoni mwao, kijana wa umri wa miaka kama 20. Na hata baada ya kupewa Utume alisema kwamba kama angeitwa katika kiapo kile, angeitika. Wala hayakuwa maneno matupu. Abu Jahl alipomdhulumu mgeni mmoja bei ya ngamia zake, Makuraishi walimwelekeza mgeni yule kwa Mtume s.a.w. kwa mzaha. Mtume s.a.w. akaondoka peke yake, akaubisha mlango wa adui yake mkubwa, akamtaka alipe, na Abu Jahl akalipa.

La pili ni lile la kuwatenga Banu Hashim. Wakuu wa Makuraishi waliandika mkataba kwamba mtu asioe kwao wala kuwaoza, asiwauzie wala kununua kwao, wakautundika katika Al-Kaaba. Kwa muda wa miaka kama mitatu Mtume s.a.w. na jamaa zake, na wengine wao hawakuwa hata wamesilimu, walikaa katika bonde la Abu Talib, na kilio cha watoto wenye njaa kilisikika nje ya bonde.

Tazama sasa, ndugu msomaji. Waliouandika mkataba huo wa pili nao walisema kwamba wanautafutia mji wao amani! Waliona kwamba Mtume s.a.w. amewatenganisha ndugu na ndugu, na ya kuwa akinyamazishwa yeye, Makka itatulia. Mapatano yote mawili yalikuwa na kiapo, yote mawili yalikuwa na umoja. Tofauti ni kwamba la kwanza lilimtazama yule asiye na mtu, na la pili lilipata umoja wake kwa kumfanya mtu awe hana mtu. Kwa kipimo hicho naona tunaweza kukipima chama chochote, na chama chetu sisi Waahmadiyya kisiachwe nje ya kipimo hicho.

Pengine utaniambia: huyu wa Choma yawezekana ni mwizi kweli. Sawa, na awe mwizi. Islamu haikutuambia tumfumbie macho. Mtume s.a.w. alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa dhalimu, na alipoulizwa dhalimu husaidiwaje, alieleza kwamba ni kwa kuuzuia mkono wake usidhulumu. Basi mwenye habari za ng'ombe wale na azipeleke polisi, na ushahidi autoe waziwazi mahakamani. Hilo nalo ni utumishi. Lakini Kurani Tukufu yatufundisha kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine (6:165), na ya kwamba uadui wa watu usitupeleke kwenye kuacha uadilifu (5:9). Watoto wanne hawakuiba ng'ombe. Mtama usipopaliliwa sasa, hakuna atakayewalipa mwezi wa sita.

Na tena, vijana wa nchi ile hawana haja ya kwenda mbali kuitafuta desturi hii. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilipita Tabora, na maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na pembe za ndovu mabegani. Ilikuwa njia ya mateso pia, kwani watumwa nao walipitishwa humo, na mgonjwa mara nyingi aliachwa kando yake. Mnyamwezi alifanya nini alipokuwa mbali na ukoo wake? Alikuwa na mtani. Utani kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo siku hizi tunauona kuwa ni mizaha ya msibani tu, lakini ndani yake mna wajibu: mtani humpokea mtani wake, na akifa ugenini humshughulikia maziko yake. Watu ambao huenda babu zao walipigana walipeana haki ya kuzikana. Sijui mwanachuoni gani angeweza kubuni njia ya amani iliyo bora kuliko hiyo.

Walakini kuna jambo moja ambalo huwasumbua hasa wale walioingia karibuni katika Jumuiya, nami silipiti. Je, tunapokwenda kumlimia mtu, tunakwenda kumvuta awe wetu? Wakati nilipokuwa mubalighi kijana, tuliwahi kuchimbua upya kisima kilichofukiwa na mchanga katika kijiji kimoja, nami nilikuwa nimechukua furushi la majarida yetu. Maji yalipotoka niliyagawa papo hapo, nikiona fahari. Bibi kizee mmoja aliitazama karatasi niliyompa, akanitazama mimi, akauliza kwa upole: “Baba, ndoo moja ni kwa karatasi ngapi?”

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Sadaka inayofuatwa na masimbulizi hubatilika, kama inavyofundisha Kurani Tukufu (2:265), na wale wanaowalisha maskini, yatima na wafungwa wamesifiwa kwa kutotaka malipo wala shukrani (76:9-10). Nami naamini kwamba kutaka mtu abadili dini yake kwa sababu umemchotea maji ni kutaka malipo makubwa kuliko shukrani. Kuhubiri ni faradhi yetu na tuhubiri kwa hoja, mahali pa kuhubiri. Siku ya jembe, majarida yabaki nyumbani. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alipotangaza masharti ya baiati mwaka 1889, aliweka katika sharti la tisa huduma kwa viumbe wa Mungu kwa ajili ya Mungu peke yake, wala hakuandika hapo kwamba viumbe hao wawe Waahmadiyya. Na vijana wetu wa Khuddamul Ahmadiyya, tangu chama chao kilipoanzishwa mwaka 1938, wamefundishwa kushika jembe na ufagio wala wasione haya.

Aliyeonja kutengwa ndiye aliye karibu zaidi na jambo hili. Wengi wenu msomao jarida hili mnajua ilivyo salamu ikikosa mwitikio katika njia uliyoizoea tangu utotoni. Ipo hatari kwamba mtu aliyetengwa akipata nguvu naye atatenga. Thumama bin Uthal, mkuu wa Yamama, alipokwisha kusilimu alikataza nafaka isipelekwe Makka, mpaka Makuraishi wakashikwa na njaa. Hao ndio walioliacha bonde la Abu Talib bila chakula. Mtume s.a.w. alimwagiza awaachie nafaka ipite.

Sasa namna ya kutenda. Kijana wetu anaogopa kwamba chama kitavunjika, na hofu hiyo si ya upuuzi, maana chama hicho kina kazi nyingi njema mbele yake. Basi na atazame jinsi ule mkataba wa pili ulivyotanguka. Hisham bin Amr alikuwa akipeleka ngamia aliyebeba chakula usiku mpaka mlangoni mwa bonde, kisha akimwachilia aingie. Lakini aliona kwamba msaada wa gizani hautoshi. Akamwendea Zuhair bin Abi Umayya, naye akasema: mimi ni mtu mmoja, nitafutie mwingine. Akamwendea Mut'im bin Adiy, naye akataka wa tatu. Ndivyo alivyozunguka mpaka wakawa watano. Asubuhi yake wakasimama mbele ya watu kwenye Al-Kaaba, wakakataa hadharani, na Mut'im alipokwenda kuupasua mkataba alikuta mchwa wamekwisha kuula. Watano hao walikuwa bado hawajasilimu. Mtume s.a.w. hakuusahau wema huo. Baada ya vita vya Badr alisema kwamba kama Mut'im angekuwa hai na kuwaombea wale mateka, angewaacha kwa ajili yake.

Kwa hiyo nilimwandikia kijana wa Choma asiende usiku, wala asisimame mkutanoni kuwaaibisha wenzake. Aende nyumba kwa nyumba amtafute wa pili. Wakiwa wachache waende kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazee wa ulinzi, waseme wazi: tunakwenda kulima shamba la mgonjwa, na habari za ng'ombe tunaiachia mahakama. Wakikatazwa, waulize wamekatazwa kwa sheria gani, wakiuliza kwa heshima, kofia mkononi. Na asipompata wa pili, achukue jembe lake aende peke yake mchana.

Barua yake ya pili imefika nikiwa katika kuimaliza makala hii. Wamekuwa watatu. Mmoja ni mtoto wa katekista, na mwingine ni yule aliyepinga kwa sauti kubwa kupita wote siku ya mkutano. Wanaanza Jumamosi. Huyo mpinzani wa jana ameahidi kuja na plau na maksai wa baba yake, ila baba mwenyewe bado hajaulizwa.