Usimtie Dereva Majaribuni

Shule zikifungwa Agosti, familia nyingi za Kenya hufunga safari kwenda Maasai Mara, baadhi yao kwa mara ya kwanza. Ni jambo la heri. Kwa muda mrefu tuliziona mbuga kama mahali pa wageni wa ng'ambo, na mzazi anayejinyima ili wanawe wamwone simba katika nchi yao anastahili pongezi. Ila ningependa tukumbushane wajibu mmoja ambao aghalabu tunausahau: wajibu wa abiria kwa dereva wake.

Wajibu huo huanzia Nairobi. Barabara inayoteremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu ina kona nyingi na malori mazito, na imeua watu. Abiria aliyechelewa kuamka hana haki ya kumhimiza dereva akanyage mafuta ili mfike lojini kabla ya chakula cha mchana. Ondokeni alfajiri, mnyooshe miguu Narok, kisha mwendelee polepole hadi lango la Sekenani.  

Jaribu lenyewe huja jioni ile ya kwanza, mtokapo kwenda kutazama wanyama. Paa la gari limeinuliwa, watoto wamesimama wakishikilia vyuma, vumbi limewajaa nyusi. Redio ya dereva inakoroma: duma ameonekana. Mnafika na kukuta magari matano yamekwisha kutangulia. Kanuni za Mara zinasema magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, yasimkaribie chini ya mita 25, na wengine wakiwa wanangoja zamu, mkae dakika 10 kisha mwondoke. Dereva anazijua, kwa hiyo anasimama mbali na kuzima injini. Ndipo sauti inapotoka kiti cha nyuma: "Kaka, sogea kidogo tu. Tutakuona baadaye."

Maneno hayo ni mepesi mdomoni mwa anayeyatoa, na ni mazito masikioni mwa anayeyapokea. Dereva ana karo ya kulipa, na bakshishi ni sehemu kubwa ya riziki yake. Akikataa, anahofia kwamba mtanuna siku mbili zilizobaki na kumsema vibaya kwa mwajiri. Akikubali, akaacha njia na kukatiza nyasini, walinzi wa hifadhi wakimkuta ni yeye atakayekuwa mashakani. Ninyi mtarudi mjini na picha zenu. Si uungwana kumnunulia mtu kosa kisha kumwachia adhabu.

Tena anayeumia si dereva peke yake. Duma huwinda mchana, saa zilezile tunazozunguka na magari. Hutegemea kunyemelea bila kuonekana, kisha mbio kali za muda mfupi. Gari likikatiza kati yake na swala, windo limeharibika na nguvu zimepotea. Akifanikiwa kukamata, huhitaji kupumua kwanza, na mkusanyiko wa magari unaweza kuwaonyesha fisi mahali kilipo chakula. Watafiti wa duma wa Mara waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 waligundua kwamba penye watalii wengi, duma jike alifikisha kwenye umri wa kujitegemea mtoto mmoja hivi kwa kila mizao mitano. Penye watalii wachache, alifikisha zaidi ya wawili kwa kila mzao. Hakuna aliyewapiga watoto wale risasi. Tunaowasonga ni sisi tunaowapenda, kila gari likidai "kidogo tu" yake.

Na wapo watoto wengine wanaotazama: wanenu mle garini. Wanapomwona baba akilegeza kanuni kwa noti ya shilingi elfu, hawajifunzi habari za duma. Wanajifunza kwamba kanuni ni za wasio na pesa. Somo hilo watalibeba hadi barabarani, ofisini na mahakamani, kisha tuje kushangaa rushwa imetoka wapi.

Basi nakunasihi hivi. Kabla gari halijawashwa, mwambie dereva mbele ya wote: "Kaka, sisi tunafuata kanuni. Tukikuomba uzivunje, tukatalie, na hatutakuchukia." Umemtua mzigo kwa maneno machache. Mkiona magari mengine yakivamia, msiyafuate kwa kisingizio kwamba kila mtu anafanya vivyo hivyo. Mkikuta nafasi zimejaa, ngojeni zamu au mwombeni awaonyeshe kingine: jinsi nyumbu wanavyopanga foleni kushuka mtoni, au ndege ambaye hamkumjua jina. Yeye amekaa na nyika ile miaka, na maarifa yake hayaishii kwa simba.

Bakshishi nayo mpeni kwa kadiri ya uangalifu na subira yake, msiihesabu kwa idadi ya wanyama. Ikiwa amekataa kuwasogeza karibu na duma, muongezeeni, tena mbele ya watoto, na muwaeleze kwa nini.