Injini Mpya, Deni la Zamani

Gari likibadilishwa injini linabaki kuwa lile lile? Hapa Bahi swali hilo nimeulizwa na askari wa barabarani, nikaulizwa na mnunuzi aliyetaka apunguziwe bei, na mwaka huu nikaulizwa na mchungaji. Askari na mnunuzi niliwajibu papo hapo. Kwa mchungaji nilinyamaza, kwa sababu mimi ni fundi lakini pia ni mzee wa kanisa, na jibu langu lingemgusa muumini wetu anayeketi viti vya mbele.

Muumini huyo ni mfanyabiashara wa mpunga, na gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, la petroli. Anayeijua Bahi anajua shida ya petroli huku. Mto Bubu ukijaa, maji yanatanda mbugani, na njia za kwenda Chali na Chipanga zinageuka tope la kunasa hata trekta. Maji yakirukia distributa, cheche inakata, gari linazima katikati ya dimbwi na magunia juu yake. Dizeli haina distributa, haina koili, haina plagi za cheche. Yenyewe inabana hewa mpaka hewa inapata moto, nozeli inapuliza mafuta, mafuta yanalipuka bila kuwashwa na chochote. Injini ile ya petroli ilikuwa inabana mara nane tu. Tdi 300 tuliyoifunga, tuliyoitoa kwenye Defender iliyopinduka, inabana karibu mara ishirini.

Watu hudhani kazi ni kushusha moja na kupandisha nyingine. Tulikata maunti za zamani tukachomelea nyingine. Tanki likashushwa, likaoshwa, likatobolewa tundu la paipu ya kurudisha dizeli, maana dizeli isiyotumika lazima irudi. Redieta ikawa ndogo. Siku ya kwanza barabarani, akiwa na mzigo, jamaa aliachia krachi kwa pupa na hafshafti ya nyuma ikakatika kama muwa. Nguvu ya dizeli huja mapema, chini kabisa kwenye mizunguko, na vyuma vilivyozoea upole wa petroli havikuwa vimejiandaa. Nilimwambia mwenye gari: umeleta injini, sasa uilipie na mwili wake.

Mchungaji alipita gereji siku injini mpya ikiwa bado inaning'inia kwenye mnyororo. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza swali lake, na Jumapili akahubiri kutoka Ezekieli, juu ya Mungu kuutoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama. Mfanyabiashara wetu, aliyeokoka miezi michache kabla, alisimama akatoa ushuhuda. Alisema yeye ndiye ile Land Rover. Watu walishangilia, na mimi nilipiga makofi, maana ilikuwa imesemwa vizuri.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mmoja kutoka Chali na daftari la shule limefungwa kwenye kanga. Nilikuwa chini ya gari, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo kabla ya kuona sura. Alisalimia, akaitikiwa na mfanyabiashara wetu, akafungua daftari. Magunia sita ya mpunga, ya misimu miwili, jamaa aliyachukua kwa ahadi ya kulipa akishauza Dodoma mjini.

"Mama," jamaa akasema kwa upole kabisa, "mtu uliyekuwa unamdai alikufa. Mimi ni kiumbe kipya."

Kuna aliyejibu amina. Nadhani ni yule kijana anayenioshea spea.

Tangu hapo nimekuwa nikibishana na amina ile. Nikubali kwanza kilicho kweli ndani yake. Kwenye kadi ya usajili, namba ya injini ya zamani inafutwa, inaandikwa mpya. Aina ya mafuta inabadilika kutoka petroli kuwa dizeli. Injini ya kwanza haidaiwi tena kuvuta gari. Mungu akisamehe, naamini anafuta kwa namna hiyo, na ubaya uliokuwa unamwendesha mtu hauna haki ya kurudishwa barabarani. Sitaki kumnyima muumini wangu furaha hiyo.

Lakini kadi ile ile ina mstari mwingine. Kwenye Series III namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele, upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Ili uisome inabidi upige magoti, ukwangue tope kwa brashi ya waya, uisugulie chaki mpaka tarakimu zijitokeze nyeupe. Namba hiyo haikubadilika, wala hakuna aliyetuomba tuibadilishe. Kama gari lile liligonga ng'ombe wa mtu zamani, mwenye ng'ombe hamwulizi dereva kama siku ile lilitembelea petroli au dizeli. Na katika miaka yote niliyoshika spana, watu niliowaona wakitaka hata namba ya chesisi ibadilike walikuwa wezi.

Mchungaji nilipomweleza hivyo hakufurahi. "Fundi, unamfunga mtu kwa dhambi ambazo Mungu amezifuta." Nikamwambia, Baba Mchungaji, mimi nazungumzia magunia. Nikamkumbusha Zakayo mtoza ushuru, kwenye Luka sura ya 19. Wachache katika Injili waligeuka haraka kama yule, na jambo alilolisema baada ya kugeuka ni kwamba aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Hakusema mtoza ushuru wa jana amekufa. Utu wake mpya ulianza kwa kulikubali daftari la wa zamani. Dereva mmoja Mwislamu aliyekuwa anasubiri breki akadakia kwamba kwao pia toba ya kweli inamtaka mtu arudishe haki za waja, kwa kuwa kosa baina yako na Mungu ni moja, na mali ya mwenzako ni jambo jingine.

Rafiki yangu anayefundisha chuo Dodoma aliniambia kuna Mwingereza, John Locke, aliyeandika mwaka 1694 kwamba mtu ni yule yule kadiri anavyokumbuka matendo yake. Simkubali. Babu yangu alipozeeka alisahau hata majina ya wanawe, lakini ng'ombe aliokuwa anadaiwa wa mahari walilipa wanawe hao hao, na hakuna aliyesema mzee hakumbuki basi deni limekwisha.

Na hata tukubali, kwa ajili ya ubishi, kwamba yule mtu amekufa. Nani hajahudhuria mazishi hapa kwetu? Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama akatangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Wakristo tunatangaza, Waislamu wanatangaza. Rudolf Diesel mwenyewe, aliyeifanikisha injini hii mwaka 1897, alipotea melini mwaka 1913 akielekea Uingereza, na waliobaki nyuma walikuta hali yake ya fedha imeharibika kabisa. Kufa hakufuti daftari. Kama kifo halisi hakimwachishi mtu magunia sita, kifo cha kwenye mkutano wa injili kitamwachishaje?

Nikifikiri moyo mpya, huwa namkumbuka Louis Washkansky kuliko Ezekieli, Mungu anisamehe. Desemba 1967, kule Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimpandikizia moyo wa binti aliyegongwa na gari. Moyo ulipiga vizuri. Dawa za kuuzuia mwili usiukatae ndizo zilizomwondolea kinga, nimonia ikamwingia, akafa baada ya siku 18. Mwili wa zamani ndio ulioamua. Na siku zote hizo 18 mkewe alikuwa mkewe. Hakuna aliyefikiri kwamba ndoa ilitolewa pamoja na ule moyo wa kwanza.

Kwa hiyo jibu langu kwa mchungaji, ambalo nilimpa baadaye, faragha, ni hili: gari ni lile lile, na ndiyo maana kulibadilisha injini kuna faida. Lingekuwa gari jingine, huyu angekuwa amenunua jipya tu, na lile bovu lingebaki na ubovu wake huko liliko. Mtu aliyeokoka ni lazima awe yule yule, la sivyo hakuna aliyeokolewa.

Kwa wachungaji wetu ombi langu ni moja: kabla ya ushuhuda, muulizeni mtu anadaiwa na nani. Mfanyabiashara wetu ameshapeleka Chali magunia mawili, kwa Land Rover hiyo hiyo. Bado manne.